Fukwe Tatu na Shati la Mama

12 Januari

Dada yangu mpenzi,

Barua hii ikukute mzima, wewe na Mama, na yule paka wenu mwizi kama bado yupo. Sisi huku hatujambo. Baridi imetubana mwaka huu, asubuhi navaa koti juu ya koti nikienda ofisini, natembea kama gunia. Mtoto anakua haraka, viatu vilivyomtosha juzi leo anavikataa. Mke wangu anawasalimu sana.

Baada ya hayo, nina ombi, na usinicheke. Wakwe zangu wanataka likizo ya kisiwani mwezi wa saba, familia nzima, na kazi ya kuchagua fukwe nimetwikwa mimi. Mkwe wangu wa kiume alisema mezani, "Wewe si umezaliwa kule? Tuchagulie zilizo bora." Humjui bado. Ni mtu ambaye akiletewa chai anaanza kuangalia kikombe. Nikikosea hapa nitalisikia jambo hili mpaka nazeeka.

Mimi nimeondoka siku nyingi na najua mambo yamebadilika. Nikasema nani wa kumuuliza kama si wewe. Tafadhali niandikie kwa kirefu, kama unavyoongea. Wewe ukieleza kitu, mtu anakiona.

Mdogo wako,
Chumvi


9 Februari

Mdogo wangu Chumvi,

Barua yako ilifika imeloa kona moja, nikamsomea Mama mlangoni kwenye mwanga. Paka mwizi yupo. Amezaa tena, na amezalia ndani ya kapu la nguo safi, maana kwake sisi ni wapangaji. Jirani fundi viatu amehama. Mimi nimepata kazi mpya, nipo kwenye pasi, nasimama kutwa miguu inavimba, ila nashukuru. Mama ameacha kufua majumbani. Hakuacha kwa kupenda.

Ni macho. Daktari anasema ni presha ya macho. La kushoto limeshafunga, la kulia linafifia kuanzia pembeni, na amesema wazi kwamba kilichokwenda hakirudi, matone yanachelewesha tu. Kwa sasa anaona katikati, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Ukitaka akuone lazima usimame mbele yake na utulie.

Nilipofika pale ulipoandika mwezi wa saba aliniambia nisimame, nisome tena. Nikasoma tena. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Mwezi wa saba nitakuwa bado naona." Kuanzia hapo hakuna kulala. Wakwe watakaa chumba gani, watakalia nini, mtoto anakula nini. Ameniagiza nipake chokaa chumba cha mbele, na mimi nimemwambia sawa, kwani ungekuwepo ungethubutu kukataa?

Haya, fukwe zako. Ziko nyingi lakini za kumpeleka mtu ni tatu.

Wa kwanza ni wa hapa kwetu, nyuma ya shule. Mchanga wake ni wa kijivu, haujioneshi kwenye picha, lakini maji yakikupwa unatembea mpaka unachoka na bado yapo magotini. Kwa mtoto hakuna pazuri kama pale. Ndipo ulipojifunza kuogelea na ndipo ulipopata jina. Ukitoka majini ulikuwa unakaa juu ya jiwe, unangoja jua likukaushe, kisha unajilamba mkono kama ndama. Mama anakupigia kelele kutoka uani, "Acha, utakauka utumbo." Ubaya wake ni kwamba jioni mtaa mzima unaanika nguo pale. Mkwe wako ataoga huku mashuka ya watu yakimpungia mkono.

Wa pili ni ule wa kaskazini wenye miamba. Maji ni ya kijani mpaka unaona kucha zako, na samaki wadogo wanakuja kukudonoadonoa vidole. Lakini kuna wale wadudu weusi wenye miiba wanaoganda kwenye miamba, wavae viatu vya mpira, na wasiyaamini mawimbi. Yale yanajifanya yametulia.

Wa tatu uko upande wa pili wa kisiwa, kwenye hoteli kubwa. Huo ndio wa kwenye matangazo, na kwa kweli hawajatia chumvi. Mchanga hauchomi unyayo hata saa sita mchana, unakanyaga kama unga uliotoka kuchekechwa. Mimi nimefika mara moja tu, kwa sababu getini mlinzi anakuuliza unakwenda kwa nani, na sina wa kumtaja.

Mimi ningekuchagulia wa kwanza. Ukiita kutoka pale Mama anasikia.

Mpe mkeo salamu zetu. Utuambie tarehe.

Dada yako


20 Machi

Dada mpenzi,

Natumai mnaendelea vizuri. Sisi wazima. Mtoto alikuwa na kikohozi lakini kimeisha. Nimesikitika sana kusikia habari za macho ya Mama. Mwambie asiache matone hata siku moja, na asikae juani.

Barua yako imefanya kazi kuliko ulivyodhani. Niliyaeleza yale mezani, nikiyapangapanga kidogo, na watu wote waliacha kula. Mkwe wangu aliweka uma chini. Wote wameupenda ule wa tatu. Sasa naomba unisaidie tena. Jua linazama upande gani pale? Upepo wa mwezi wa saba unasumbua? Hoteli iko karibu na barabara, kuna kelele za magari? Na je, wenyeji wanapitapita ufukweni, au ni wageni tu?

Kuhusu nyumbani, ratiba bado haijakaa sawa. Wakwe zangu ni watu wazima, si watu wa kulala popote, na mimi si mwenye maamuzi peke yangu. Usimpe Mama matumaini makubwa. Na hiyo chokaa ingoje kwanza.

Mke wangu anawasalimu.

Mdogo wako,
Chumvi


14 Aprili

Mdogo wangu,

Chokaa nilikuwa nimeshapaka.

Sisi tupo, tunasukuma siku. Watoto wa paka walishafumbua macho zamani. Mama anashinda akiwapapasa mmoja mmoja, anasema angalau kuna anayefumbua humu ndani. Mtu akishaanza kufanyia mzaha balaa lake mwenyewe ujue limemwingia. Sikucheka.

Nakujibu uliyouliza. Jua linazama upande huo wa hoteli, mbele kabisa ya viti vyao. Linachomoza huku kwetu. Tumegawana hivyo. Upepo wa mwezi wa saba ni mzuri, unapepea bila kurusha mchanga. Barabara iko mbali, hamtasikia gari wala mtu. Wenyeji hawapitipiti, nimekwisha kukuambia kuhusu mlinzi. Mkitaka kumwona mwenyeji mtamwona amebeba sinia.

Umeandika kwamba wakwe zako si watu wa kulala popote. Neno hilo nililiruka nilipomsomea Mama. Nikasoma, "Wakwe zangu ni watu wazima," nikakohoa, nikaendelea. Basi wasilale. Kutoka hotelini mpaka mlangoni kwetu ni safari ya saa nzima kwa gari. Mkishatazama jua likizama, kesho yake panda gari uje. Hata peke yako. Hata kwa nusu siku, unywe maji, uondoke. Sikuulizi sababu, Chumvi. Nakuuliza siku tu.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Mama amekushonea shati. Kitambaa ni buluu ile ya sare zetu za shule, amelikata kwa kukisia na kulishona kwa mkono, na sindano imemchoma mpaka vidole vimekuwa vigumu. Mkono mmoja umeuzidi mwingine kidogo, ukigundua nyamaza. Ndani ya shingo ametia alama yako. Sijui kama unakumbuka. Alipokuwa anafua nguo za nyumba nyingi na kuzianika kamba moja, zetu alizitia uzi mwekundu shingoni ili zisipotelee kwenye za watu. Mimi mshono mmoja, wewe miwili iliyokatana. Ukipoteza shati ulichapwa, lakini shati lilirudi.

Haya sasa ni maneno yake mwenyewe, ananitajia niandike: "Kitinda mimba wangu, uvae shati hili siku unayokuja. Rangi nyingine zimeniacha, lakini buluu bado naiona. Nitakaa mlangoni. Nataka nikuone kuanzia unaposhuka garini, nisingoje mpaka ufike mbele yangu."

Dada yako


30 Mei

Dada mpenzi,

Salamu kwako na kwa Mama. Sisi hatujambo.

Shati limefika, limenikaa vizuri sana, mshukuru Mama kwa niaba yangu. Kwa bahati mbaya nina habari isiyopendeza. Safari imevunjika. Mkwe wangu amepata shughuli ambazo hawezi kuziacha, na yeye asipokwenda basi hakuna anayekwenda. Pengine mwakani. Mwambie Mama asisononeke, kisiwa hakiendi mahali.

Naandika kwa haraka kwa sababu ya kazi. Mke wangu anawasalimu.

Chumvi


18 Agosti

Dada yangu,

Mbona kimya hivyo? Tangu barua yangu ya Mei sijapata hata mstari. Nimeanza kuwa na wasiwasi, kisha nikasema huyu amenuna, namjua. Ukinuna unaosha vyombo kwa nguvu.

Sisi tuko salama. Likizo ilipita hivi hivi, tulibaki nyumbani, tukajishughulisha kupaka rangi sebule. Mtoto alimwaga kopo zima kwenye zulia, mama yake alilia na mimi nikacheka. Ingekuwa raha kama tungekuwa huko na nyinyi, lakini mambo ya ukweni unayajua, mkwe haamuliwi na mkwewe. Naomba usiniwekee kinyongo kwa jambo ambalo sikuliamua mimi.

Mwambie Mama shati lake nalivaa kila nikipata nafasi. Nikilivaa napeleka mkono shingoni, naipapasa ile alama ya uzi mwekundu, na najiona nipo nyumbani kabisa.

Macho yake yanaendeleaje? Niandikie tafadhali, hata kwa ufupi.

Mke wangu anawasalimu.

Mdogo wako,
Chumvi


11 Septemba

Chumvi,

Hujambo. Mtoto hajambo. Mkeo najua hajambo.

Paka amehama na wanawe. Mama haoni tena. Jicho la kulia lilifunga wiki ile ile uliyokuwa ukiniandikia kuhusu rangi ya sebule. Asubuhi alishika kikombe chake akaniuliza mbona sijafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilikuwa limemkalia usoni. Nilikwenda nikalifunga, nikalifungua tena kwa kishindo ili asikie. Akasema ahsante. Siku ya pili yake hakuuliza.

Februari nilikuandikia kwamba nimepata kazi ya pasi. Hukuuliza ni pasi ya nani. Mama aliuliza, mwenye duka aliuliza, mpaka daktari wa macho aliuliza. Wewe uliuliza jua linazama upande gani. Ungeniuliza ningekuambia kwamba ni lile jengo jipya la kufulia nyuma ya soko, linalofua nguo za hoteli zote za upande wa pili. Asubuhi gari linatuletea mifuko, kila mfuko una kibandiko cha hoteli na namba ya chumba. Majina hatuandikiwi. Mtu kwetu ni namba na madoa yake.

Mwezi wa saba, siku ya Jumatano, nilifungua mfuko nikakuta shati la buluu. Lilikuwa na doa la mafuta ya kujipaka juani. Nililitandaza mezani, mkono mmoja ukauzidi mwingine. Nikageuza shingo ya shati.

Nilikutetea asubuhi nzima, nataka ujue hilo. Nilisema labda umempa rafiki yako anayekuja huku, labda umeibiwa. Nilijitia hamnazo na huku pasi inaniunguza kidole. Mchana msimamizi akaniita mbele, kuna mgeni wa hoteli amekuja mwenyewe na dereva, gauni lake limechanganyika na la chumba kingine. Namba ya chumba chake ilikuwa ile ile ya shati. Alikuwa na mtoto wa kike.

Akaniambia, "Samahani dada, nakusumbua. Leo ni sherehe ya wazazi wangu na sina lingine la kuvaa."

Aliniita dada, Chumvi, bila kuambiwa na mtu.

Nikamwambia si usumbufu, angoje nilinyooshe. Nikamuuliza kama wameufurahia ufukwe.

"Sana," akasema. "Mchanga hauchomi hata saa sita, unakanyaga kama unga uliotoka kuchekechwa. Mume wangu ndiye aliyetuchagulia. Alizaliwa hapa kisiwani."

"Basi yuko kwao."

"Angekuwa na kwao. Hana mtu, maskini. Alizaliwa peke yake, na mama yake alifariki yeye akiwa bado shule. Upande huu hataki hata kuja, anasema panamtia uchungu. Baba yangu alimwambia twende tukazuru kaburi, akasema halijulikani lilipo."

Nilikuwa napiga pasi pindo ambalo lilikuwa limeshanyooka. Mtoto alikuwa amekaa juu ya mfuko wa mashuka, nywele zimekauka na maji ya bahari, anajilamba mkono kuanzia kiwiko. Mama yake akamwambia aache. Na mimi, neno likanitoka kabla sijalishika, nikamwambia, "Acha, utakauka utumbo." Mtoto akacheka akasema, "Baba naye anasemaga hivyo."

Kumbe hukusahau kila kitu. Ulimchukulia Mama maneno yake ukayapeleka kwako, yeye mwenyewe ukamzika.

Mkeo ni mtu mwema. Alinishukuru kama mtu anayeshukuru kwa kweli, akanishika mkono huu wenye malengelenge bila kuangalia kwanza. Nilitaka kumwambia. Nyumbani ni karibu, unaikumbuka njia, unapita sokoni unakata kwa fundi baiskeli. Siku ile Mama alikuwa bado anaona. Angesimama mbele ya mjukuu wake akamwona uso wote. Lakini ningemwita aje kama nani? Ningesema karibu mwanangu, nikutambulishe kwa marehemu? Nilivunga, nikamkunjia gauni. Nikawaambia karibuni tena. Gari likaondoka na mtoto akanipungia mkono kwenye kioo cha nyuma.

Sasa nimeelewa zile salamu zako. Barua zote umeandika kwamba mkeo anawasalimu, na mimi kila mara nikamjibu Mama, "Amekusalimu." Mkeo angewasalimu akina nani? Watu wasiojulikana walipozikwa?

Sitaki unieleze. Najua utasema ulianza na uongo mdogo, siku ya kwanza mezani kwao, uliona aibu kusema mama yako anafua nguo za watu, kisha ukashindwa kurudi nyuma. Nimeshaisikia hiyo kichwani kwangu kwa sauti yako, mara nyingi, na kila mara inaniuma upya. Nguo hizo ndizo zilizokupeleka shule. Kinachonishinda ni shati. Kama ulishatuua, ulilivalia nini? Naogopa usije ukasema ulilipenda kweli.

Mama sijamwambia na sitamwambia. Barua yako ya Agosti nimemsomea yote bila kuruka, na rangi ya sebule, na zulia. Alipenda pale pa shati. Nilipofika pale unaposema unaipapasa alama na kujiona upo nyumbani, alinyoosha mkono akapapasa shingo ya gauni lake mwenyewe, akaipata yake. Akasema, "Basi hajapotea." Kisha akalala usingizi mzuri ambao sijamwona nao tangu macho yaanze.

Kwa hiyo uendelee kumwandikia. Mwandikie yeye, mambo ya mtoto, mambo ya kazi, tia chumvi unavyotaka. Nitamsomea. Usiniandikie mimi.

Shati lako sikulitia kwenye mashine. Nililifua kwa mkono, doa likatoka lote. Nilipiga pasi mkono mrefu na mkono mfupi. Halafu nikachukua wembe nikafumua ile alama uzi kwa uzi, nikapitisha pasi mpaka matundu yakafunga. Lilirudi chumbani kwenu Alhamisi pamoja na za wenzio, safi, limekunjwa, na tangu siku hiyo umekuwa ukilivaa na kuipapasa.

Geuza shingo uangalie.

Mpiga pasi